Udongo Washika Sumu, Lakini Nani Ataushika Udongo?



Kila mara chama kinapouliza habari ya maji machafu yatokayo viwandani, twapewa majibu ya namna mbili. La kwanza ni kwamba maji hayo hayana neno. La pili ni kwamba kuyasafisha ni gharama kubwa mno, na ya kwamba tukizidi kuuliza kiwanda kitafungwa nasi tutakosa kazi. Jibu la kwanza halihitaji maneno mengi, kwa maana kila mwenye pua aweza kulijibu mwenyewe. Jibu la pili ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Hilo ni jibu la kutishia watu, na mtu akitishwa yampasa aangalie vizuri ajue kama anayemtisha ni simba au ni ngozi ya simba iliyotundikwa ukutani.

Twataka kuzungumza habari ya udongo. Huenda wengine watacheka, waseme chama kimeacha mambo ya mshahara sasa chafundisha ufinyanzi. Wasubiri kidogo. Udongo wa mfinyanzi ukitengenezwa kwa njia maalum waweza kushika mafuta, rangi na dawa zilizomo katika maji ya kiwanda, na maji yakatoka yakiwa safi zaidi kuliko yalivyoingia. Jambo hili si ndoto, wala si siri ya watu wachache. Limekwisha tumika katika nchi nyingine kwa miaka mingi. Twasema ni jambo jema, nasi twalitaka. Lakini twasema pia ya kwamba lina upande wake wa pili, na kwa upande huo sumu ile ile yaweza kumrudia mfanya kazi ikiwa hatutakaa macho. Hayo mawili ndiyo maneno yetu.

MAJI HUENDA WAPI?

Maji yakitoka kiwandani hayapotei. Yale ya mji wa Nairobi yasiyopita katika mabomba ya maji taka huingia katika mito ya Nairobi, Ngong na Mathare. Mito hiyo huungana na kuingia katika Athi. Athi ukiteremka huitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Katika njia hiyo yote wamo watu. Wako wanaonywesha ng'ombe, wako wanaofua nguo, wako wanaomwagilia mboga. Na sukuma wiki iliyomwagiliwa maji machafu haipelekwi mezani kwa mkurugenzi. Huuzwa kwa fungu katika mitaa tunayokaa sisi, ikanunuliwa na mke wa mfanya kazi yule yule aliyefungua bomba la maji machafu asubuhi.

Kwa hiyo mwenye kiwanda asemapo kusafisha maji ni gharama, hasemi uongo. Ila hamalizi maneno. Kutosafisha nako ni gharama, na gharama hiyo hulipwa na mtu mwingine: mtu anunuaye maji kwa mtungi kwa sababu mto ulio karibu hautumiki, mtu apelekaye mtoto hospitali, mvuvi na mkulima wa huko chini. Hawa wote hawakuulizwa, wala hawamo katika daftari la hesabu la kampuni.

Sasa tuangalie takataka zenyewe. Wataalamu huita takataka za kikaboni zile zenye kaboni ndani yake, lakini hata hizo si za namna moja. Ziko ambazo ni chakula cha vijidudu, kama wanga, sukari, maziwa na damu ya machinjioni. Hizo vijidudu vya mabwawa ya maji taka huzila na kuzimaliza, mradi vipewe muda na hewa ya kutosha. Ziko nyingine ambazo vijidudu huzila kwa shida, au haviwezi kabisa, na baadhi yake huviua: mafuta ya mashine, vimiminika vya kuyeyushia rangi, benzeni ya petroli, fenoli, rangi za kutia nguo, dawa za kuua wadudu. Hizi za pili ndizo zinazohitaji mtego wake, na mtego mmoja ni udongo.

UDONGO HUFANYAJE KAZI?

Yeyote aliyejenga nyumba Embakasi au Athi River, au aliyelima mpunga Mwea, aujua udongo mweusi ambao watu wa ujenzi huuita bleki-koton. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikinyesha huvimba, hunasa gamubuti za watu, na nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi mzuri hupasuka kuta. Sababu yake ni kwamba ndani ya udongo huo mna madini ya jamii iitwayo smektaiti. Maarufu katika jamii hiyo ni montimorilonaiti, iliyopewa jina mwaka 1847 kwa ajili ya mji wa Montmorillon katika nchi ya Ufaransa. Udongo wenye wingi wa madini hayo huitwa bentonaiti, na ndio unaochimbwa na kuuzwa kwa kazi za viwanda.

Ukitazamwa kwa vyombo vyenye nguvu, udongo huo waonekana umefanyika kwa vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Unene wa ukurasa mmoja ni kama nanometa 1, yaani milimita moja ikigawanywa mara milioni. Kwa kuwa kurasa ni nyembamba hivyo, uso wake wote ukikunjuliwa ni mkubwa ajabu. Gramu 1 ya udongo huo safi yaweza kuwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 700. Basi gramu 10, kiasi cha vijiko viwili vya chai, zina uso upatao uwanja wa mpira. Ndiyo maana kitu kidogo chaweza kushika mengi.

Kila ukurasa una chaji hasi ya umeme. Katikati ya kurasa hukaa chembe za sodiamu au kalisiamu zenye chaji chanya, nazo hutuliza mambo. Chembe hizo hazikupigiliwa misumari. Zaweza kutoka na nyingine zikaingia mahali pake, kama watu wa zamu ya usiku wanavyotoka na wa zamu ya mchana wakaingia. Basi rangi zenye chaji chanya zikipita katika maji, udongo huzikamata hata bila kutengenezwa. Lakini rangi nyingi za nguo zina chaji hasi, na hasi kwa hasi husukumana. Tena udongo huu hupenda maji, na kipendacho maji hakipendi mafuta. Mwaga dizeli juu ya udongo uliokwisha lowa uone jinsi inavyoteleza na kwenda zake.

Hapa ndipo ufundi uingiapo. Huchukuliwa chumvi fulani ya jamii ya amonia, ndugu yake ile itumiwayo katika dawa za kulainisha nguo na nywele. Kila chembe ya chumvi hiyo ina kichwa chenye chaji chanya na mkia mrefu wenye asili ya mafuta. Ikichanganywa na udongo ndani ya maji, vichwa huingia mahali pa sodiamu vikashika ukurasa, na mikia ikajaa katikati. Udongo uliokuwa rafiki wa maji wageuka kuwa rafiki wa mafuta. Sasa mafuta, benzeni na fenoli zikipita, huingia katika mikia ile zikakaa. Na chumvi ikitiwa kwa wingi zaidi, uso wa udongo hugeuka kuwa na chaji chanya, ukaweza kushika hata zile rangi zilizokuwa zikisukumwa.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1949 mtaalamu wa Marekani, John W. Jordan, alichapisha habari za bentonaiti iliyogeuzwa ikawa yapenda mafuta. Mwanzoni ilitumika kufanya grisi na rangi za mafuta ziwe nzito. Katika miaka ya 1980 wataalamu kama Max Mortland na Stephen Boyd, wa Chuo Kikuu cha Michigan State huko huko Marekani, walionyesha ya kwamba udongo wa namna hiyo washika fenoli na sumu nyingine zilizomo majini. Tangu hapo umekuwa ukitiwa ndani ya matangi ya kuchujia maji yenye mafuta.

Tena wanachama wanaofanya kazi katika viwanda vya mafuta ya kupikia wamjua binamu yake. Ule udongo wa unga unaochanganywa na mafuta ili kuyang'arisha, mwingi wake ni udongo wa jamii hii hii uliochemshwa na asidi. Kwa hiyo asije mtu akatuambia ya kwamba udongo wa kushika uchafu ni jambo geni ambalo wafanya kazi wa Kenya hawataliweza. Wako wanaoushika kila zamu.

UDONGO SI DAWA YA KILA KITU

Hatutaki kuwadanganya wenzetu. Hatusemi mtu achukue jembe, achimbe udongo Embakasi na kuumwaga katika mtaro, basi mambo yamekwisha. Udongo lazima usafishwe, utengenezwe, na upimwe kwa maji yenyewe ya kiwanda kile, kwa maana maji ya kiwanda cha nguo si maji ya gereji, na maji ya gereji si maji ya kiwanda cha rangi. Udongo huu hausafishi wanga wala sukari. Hiyo ni kazi ya vijidudu. Nayo madini kama kromu ya viwanda vya ngozi yana njia zake nyingine.

Tena una mahali pake katika mstari. Kwanza maji hutulizwa ili matope yazame na mafuta yanayoelea yaenguliwe. Kisha ndipo hupitishwa katika udongo. Baada ya udongo, ikiwa lazima, hupitishwa katika makaa maalum ya kuchujia. Makaa hayo ni ya ghali, na mafuta huyaziba vitundu vyake upesi. Udongo ukitangulia hupokea mafuta, na makaa yakaishi siku nyingi zaidi. Hili twalitaja kwa sababu hesabu ya gharama tunayoonyeshwa mara nyingi ni ya vyombo vya ghali tu, kana kwamba hapana njia ya kuvipunguzia mzigo.

Iko pia hatari ya kutengeneza vibaya. Chumvi ile ya amonia ikizidi na kuvuja majini, yenyewe ni sumu kwa samaki na kwa vijidudu vile vile vinavyotusaidia katika mabwawa. Kwa hiyo udongo wa bei rahisi uliotengenezwa ovyo waweza kuondoa uchafu mmoja na kuingiza mwingine. Lazima maji yapimwe kabla ya kuingia na baada ya kutoka, na majibu yasiwe siri ya meneja.

SUMU IKISHIKWA HAIJAFA

Sasa twafika penye upande wa pili. Udongo hauli sumu. Huishika tu. Leo sumu ilikuwa imetawanyika katika maji mengi, kesho imekusanyika katika magunia machache, nayo ni kali zaidi kuliko ilivyokuwa mtoni. Wako wataalamu wanaojenga udongo wenye nguzo za chuma kati ya kurasa zake, ambao ukitiwa dawa iitwayo haidrojeni peroksaidi huvunja baadhi ya rangi na fenoli badala ya kuzishika tu. Hilo ni jema, lakini udongo wa kawaida wa kuchujia mafuta hauna uwezo huo. Huko Australia walitengeneza udongo wa kusafisha maji yaliyochanganyika na povu la kuzimia moto wa ndege, ambalo lina zile kemikali ziitwazo PFAS. Udongo ule huzitoa kemikali hizo majini, lakini hauzivunji. Mwisho wa kazi lazima gunia liende mahali fulani, na lazima mtu alibebe.

Mtu huyo ni nani? Twamjua. Si mkurugenzi, wala si yule mgeni mwenye kofia nyeupe aliyekuja kufungua tangi na kupigwa picha. Ni kibarua wa kutwa, asiye na barua ya kazi, ambaye huambiwa na nyapara: "Ingia humo, piga koleo, toa huo udongo." Hana glavu, hana kiatu cha maana, wala hakuambiwa kilichomo. Jioni hurudi nyumbani na nguo zile zile akamshika mtoto wake.

Hatari zenyewe ni nyingi, na yafaa tuzitaje moja moja ili pasiwe na mtu wa kusema hakujua.

Kwanza ni vumbi. Bentonaiti kavu huwa na mchanga wa silika ndani yake, na vumbi la silika likivutwa kwa miaka hukausha mapafu. Ugonjwa huo huitwa silikosi, na hauna dawa ya kuuponya. Kumwaga magunia ya unga wa udongo ndani ya tangi bila kifaa cha kuzuia vumbi puani ni kujichimbia kaburi polepole.

Pili ni chumvi ya amonia. Pale inapochanganywa na udongo huwasha ngozi, na ikiruka machoni yaweza kuyaumiza vibaya.

Tatu ni moto. Wenzetu wa viwanda vya mafuta ya kupikia wajua ya kwamba udongo uliokwisha tumika, ukiwa umejaa mafuta na kurundikwa, waweza kupata joto wenyewe kwa wenyewe hata ukawaka, bila mtu kuwasha kiberiti.

Nne ni tangi lenyewe. Ndani ya tangi au shimo la maji machafu mwaweza kuwa na hewa ya sumu ya kumwangusha mtu mara moja, na mwenziwe anayeruka kumwokoa akaanguka juu yake. Mtu asiingie humo kabla hewa haijapimwa, na kabla hapajawa na mwangalizi nje mwenye kamba.

Tano ni mahali pa kutupa. Gunia la udongo wenye mafuta likitupwa katika jaa la kawaida, mvua itaosha, na sumu itarudi mtoni. Hapo tutakuwa tumefanya kazi ya kuteka maji kwa pakacha.

HABARI YA KUFUNGA KIWANDA

Twarudi kwa lile jibu la kutisha. Waajiri husema: mkitaka maji safi, kazi zitapungua. Sisi twauliza: tangi la kuchujia litajiendesha lenyewe? Tangi lahitaji mtu wa kupima maji, mtu wa kubadilisha udongo, fundi wa pampu, karani wa kuandika daftari. Hizo zote ni kazi. Kuzifanya vizuri kwahitaji mafunzo, na kazi yenye mafunzo ina daraja lake na mshahara wake. Kinachotutia wasiwasi si kwamba hapatakuwa na kazi. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba kazi hiyo itatupiwa vibarua kwa bei ya kutupa, kisha tuambiwe kampuni imeyatunza mazingira.

Tena wako watakaosema: tumenunua chombo cha kusafisha maji, kwa hiyo mwaka huu hapana nyongeza ya mshahara. Hili nalo twalikataa mapema. Mtu hawezi kumwaga uchafu kwa jirani miaka ishirini bila kulipa, kisha siku ya kuanza kuzoa amletee mtumishi wake hesabu ya ufagio. Kusafisha maji ni sehemu ya gharama ya kufanya biashara, kama vile umeme na ushuru. Siku zote kampuni hulipa umeme bila kutuambia ya kwamba ndio uliokula mshahara wetu.

Lakini yafaa tuseme haki kwa kila upande. Viko viwanda vidogo na magereji ya jua kali ambayo kweli hayana uwezo wa kujenga matangi yao wenyewe. Kwa hao twaona serikali ya kaunti yapaswa kujenga mahali pamoja pa kukusanyia na kuchujia maji yenye mafuta, kila mtu alipe kidogo kadiri ya maji yake. Kumpiga faini fundi wa gereji bila kumwonyesha mahali pa kumwaga mafuta yake machafu ni kumfukuza aende kumwaga usiku.

SHERIA YASEMAJE?

Hatuombi sadaka. Katiba ya mwaka 2010 yatambua, katika kifungu cha 41, haki ya mfanya kazi kuwa na hali nzuri ya kazi. Kifungu cha 42 chatambua haki ya kila mtu kuwa na mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 43 chataja haki ya kupata maji safi na salama. Tazameni jinsi vilivyofuatana. Walioandika hawakumtenga mtu wa kiwandani na mtu wa mtoni, nasi tusiwatenge.

Iko sheria ya mazingira ya mwaka 1999, na Kanuni za Ubora wa Maji zilizotolewa chini yake mwaka 2006 zilimtaka mwenye kumwaga maji ya kiwanda awe na leseni. Iko pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Hiyo yataka kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa wafanya kazi. Yataka pia kemikali ziwe na karatasi ya maelezo ya usalama. Mahali pengi kamati hizo ni jina tu katika faili, na karatasi hizo zimefungiwa kabatini. Sheria iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtu aliye ndani ya tangi.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo twatoa shauri hili kwa matawi yote, lizungumzwe katika mikutano na kuingizwa katika mapatano yanayokuja na waajiri:

1. Kila kiwanda kinachotoa maji yenye mafuta, rangi au dawa kieleze maji hayo hupelekwa wapi na yamesafishwa kwa njia gani, na majibu ya vipimo yabandikwe mahali ambapo wafanya kazi waweza kuyasoma, kwa lugha wanayoielewa.

2. Kabla ya kusema njia fulani ni ya ghali, mwajiri ajaribu njia zilizopo, pamoja na hii ya udongo, kwa maji yake mwenyewe, na kamati ya usalama ionyeshwe hesabu.

3. Kazi ya kuchuja maji na kubadilisha udongo iwe kazi yenye cheo, mafunzo na mshahara ulioandikwa. Isifanywe na vibarua wa kutwa.

4. Wanaofanya kazi hiyo wapewe vifaa vya kuzuia vumbi, glavu, miwani, viatu na mahali pa kuoga na kuacha nguo za kazi. Wapimwe mapafu kwa gharama ya mwajiri, na kila mmoja apewe majibu yake mwenyewe.

5. Udongo uliokwisha tumika uhesabiwe gunia kwa gunia, uwekwe penye paa mbali na moto, na upelekwe mahali palipoidhinishwa na NEMA. Daftari la magunia likaguliwe na mjumbe wa wafanya kazi.

6. Mfanya kazi atakayekataa kuingia ndani ya tangi ambalo hewa yake haikupimwa, au atakayeeleza ya kwamba udongo umetupwa mtoni, asifukuzwe. Chama kimsimamie mpaka mwisho.

Haya si mambo makubwa ya kushinda uwezo wa mtu. La kwanza lahitaji karatasi na gundi. La sita lahitaji umoja wetu tu.

Twajua wako wenzetu watakaosema: sisi twataka mkate, mambo ya mto waachieni wasomi. Twawajibu kwa upole. Mkate hupikwa kwa maji. Shilingi unayoipata kwa jasho ukaipeleka kununua maji ya mtungi na dawa ya kifua ni shilingi uliyonyang'anywa, ingawa iliandikwa katika karatasi ya mshahara wako. Kupigania maji safi ni kupigania mshahara usiibwe njiani.

Wazee walisema, udongo upate ungali maji. Sasa vyombo hivi vingali vikizungumzwa, matangi mengi hayajajengwa, na mapatano hayajatiwa sahihi. Huu ndio wakati wa kuufinyanga mkataba upate umbo tunalolitaka. Tukingoja mpaka tangi limesimama na nyapara amekwisha chagua wa kuingia ndani, udongo utakuwa umekauka.

Kila tawi lilete majibu yake kwa katibu kabla ya mkutano mkuu.

Umoja ni nguvu.